"Bug" si mdudu tu: ushauri kwa watafsiri

Msomaji ametuletea sentensi aliyoikuta kwenye simu: "Tumeondoa wadudu katika toleo hili." Anauliza wadudu hao waliingilia wapi. Kosa si lake, ni la aliyetafsiri "bug", yaani kasoro ya programu, kuwa mdudu.

Neno la Kiingereza "bug" halikuanza na mdudu. "Bugge" la zamani lilikuwa zimwi, kitu cha kutisha watu gizani. Katika Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya 1535, Zaburi 91:5 inasema mtu hataogopa "bugges" usiku; sisi tunasoma "Hutaogopa hofu ya usiku." Maana ya mdudu ilishika karne ya 17, kunguni akiwa miongoni mwa waliolibeba jina hilo mapema. Ukilikuta katika maandishi ya karne ya 16, fikiria zimwi kwanza.

Wataalamu wa wadudu wamelibana zaidi. Kwao ni oda (kundi la kisayansi) ya Hemiptera peke yake, wadudu wenye mdomo wa mrija wa kudunga na kufyonza: kunguni, vidukari na jamaa zao. Mbawakawa hamo, maana yeye ana taya za kutafuna. Ndiyo sababu huandika "bed bug" kwa maneno mawili, ila "ladybug" huliunganisha, kwa kuwa huyo ni mbawakawa. Kanuni hii itumie kwenye maandishi ya kitaalamu tu. Magazeti huunganisha ovyo.

Kwenye ufundi, mvumbuzi Thomas Edison alilitumia kwa kasoro za vifaa katika barua ya 1878. Kwa hiyo wanaosema maana hiyo ilizaliwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, tarehe 9 Septemba 1947 wanakosea. Siku hiyo mafundi wa kompyuta ya Mark II walimkuta nondo amenasa kwenye relei (swichi ya umeme) namba 70, paneli F. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kuwa ni mara ya kwanza "bug" halisi kupatikana. Hilo "halisi" lisingeandikwa kama neno halikuwa tayari midomoni mwao. Na nondo, kwa kipimo cha Hemiptera, hata si "bug".

Sasa kazi yenyewe. Tazama neno linaloandamana nalo. Likirekebishwa, ni hitilafu. Likiambukizwa, ni ugonjwa: la tumbo liite ugonjwa wa tumbo, yatosha. Likifichwa chini ya meza, ni kinasa sauti. Likiwa kitenzi, tazama yambwa, yaani kinachotendewa: mtu husumbuliwa au hukerwa, chumba hutegewa kinasa sauti. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu umbo la kitenzi ni lilelile.

"Mdudu" wetu naye ana mizigo yake. Kidole kikitunga usaha kandoni mwa ukucha, twasema mtu ana mdudu. Mitaani Tanzania, mdudu ni nyama ya nguruwe. Ukimrundikia na kasoro za programu, msomaji atapotea. Sentensi ya simu ingeandikwa: "Tumerekebisha hitilafu katika toleo hili."