Mbuna Wanaogombana

SWALI: Ndugu Mhariri, katika tangi langu la mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, dume mmoja wa buluu huwafukuza wenzake kutwa hadi mapezi yao yamechanika, na mwingine amevimba tumbo. Mimi huwalisha nyama ya ng'ombe iliyosagwa. Nifanyeje? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Aliyevimba mtenge leo hii, na nyama uiache kabisa, kwa kuwa mbuna hukwangua mwani miambani na utumbo wao mrefu umezoea mimea. Ugomvi utapungua ukipanga mawe yenye mapango mengi kuliko madume. Lakini yaweke kwanza, mchanga ufuate, maana samaki hawa ni wachimbaji hodari na rundo lililokalia mchanga huporomoka. Mawe ya chokaa yanafaa zaidi, kwani huyapa maji alkali waliyoizoea ziwani.