Kinder Downfall Jumamosi hii na watoto? Dada, usipite William Clough

Dada acha kwanza. Kabla hujanunua hizo buti acha, nimesoma uzi wako wa kuwapeleka watoto Kinder Downfall, lile poromoko la maji la mlima Kinder karibu na Manchester, nikiwa kwenye treni nikashindwa kusubiri nifike nyumbani. Umesema uko Salford, watoto wawili, mmoja miaka 7 mwingine 10, mvua imenyesha wiki nzima, na kuna mtu kakuambia "huu ndio wakati wake, poromoko linakuwa limejaa". Halafu ukauliza viatu, basi la kwenda Hayfield, kile kijiji cha chini ya mlima, mle wapi, na kama njia ya korongo la William Clough inafaa watoto. Naanza na hiyo ya korongo kwa sababu huyo aliyekushauri namfahamu, yaani si yeye kwa sura lakini aina yake naijua, wangu mimi alikuwa kwenye grupu la WhatsApp na mpaka leo tukikutana harusini namkwepa.

Ni kweli, Kinder Downfall kipindi cha kiangazi unaweza kulia. Unapanda karibu mita 400 kwa miguu unafika unakuta mwamba mweusi na maji yanayodondoka tone tone. Ndio maana kila mjuaji anakuambia nenda baada ya mvua. Na hiyo picha uliyoweka, ya maji yanarushwa kurudi juu badala ya kuanguka, ni ya kweli kabisa haijachezewa, upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu unaingia kwenye lile genge la mwamba na kuyatupa maji nyuma, siku nzuri wanakuambia linaonekana mpaka Stockport. Ila jiulize, hiyo siku yenye upepo wa kurusha mto hewani na mvua ya kuujaza ni siku ya kumpeleka mtoto wa miaka 7 kwenye uwanda ulio mita 600 na ushee juu ya bahari? Maji yale yale yanayofanya poromoko lipendeze ndiyo hayo hayo unayotakiwa kuyavuka kwa miguu. Hilo jamaa wangu wa grupu hakulisema. Baadaye ndio nikaja kugundua yeye alienda mwezi wa saba, na kaptula.

Sasa sikiliza. Tulienda mwezi wa 11, mimi, mke wangu na shemeji. Unaegesha Bowden Bridge, pale kwenye machimbo ya zamani ambapo Aprili 1932 kina Benny Rothman, vijana wa Manchester waliodai haki ya kutembea milimani, walikusanyika wakapanda Kinder kwa nguvu wakati mlima ulikuwa wa matajiri wa kuwindia ndege, watano wakafungwa, kuna kibao ukutani kisome kabla hujaondoka maana ni kwa ajili ya watu kama wale leo tunapita bure. Tukapita kando ya bwawa tukaingia korongoni. Asubuhi kijito cha William Clough ni cha kuchekesha, njia inakihama kushoto, kulia, kushoto tena, unaruka juu ya mawe hata soksi hailowi. Daraja hakuna huko juu korongoni, ni mawe tu. Sisi watoto wa Morogoro bwana, tumeoga mitoni chini ya Uluguru tangu hatujui kusoma, tukaangalia kile kijito tukaona hiki nacho ni mto? Maji usiyoyafika hujui wingi wake, bibi yangu aliimba huo wimbo miaka yote na mimi nikawa nasikia kama redio ya jirani.

Tukafika juu mvua ikaanza, si ile ya kwetu ya kupiga bati dakika ishirini ikaisha, ni ile ya huku nyembamba isiyo na mwisho. Poromoko lilikuwa zuri sitaki kudanganya. Tukapiga picha, tukala chapati, tukawa tunacheka. Kumbe huko juu ni udongo mweusi wa mboji ambao ukishashiba maji ni sponji iliyojaa, mvua inayoongezeka haizami popote, yote inateremka kwenye makorongo kwa wakati mmoja.

Na hapa ndipo mtego ulipo, angalia ramani utauona. Ukipanda kwa William Clough unafika kwenye poromoko ukiwa upande wa kaskazini. Ukitaka kuzunguka uteremkie upande mwingine kwa Kinder Low na Edale Cross lazima uvuke mto Kinder wenyewe pale pale juu, hatua chache kabla haujaanguka mita 30. Watu wanauvuka kila siku maji yakiwa kidogo. Siku ile mawe ya kukanyagia hayakuonekana, mke wangu akasema mimi hapo sipiti, na namshukuru Mungu tulimsikiliza. Basi tukageuka kurudi tulikotoka, na kule tulikotoka si ndio kwenye kile kijito cha kuchekesha.

Hakikuwa cha kuchekesha tena. Rangi ya chai ya rangi, kelele mpaka mnaongea kwa kupiga mayowe. Tukavuka kwa kushikana, tukavuka tena, maji magotini na baridi ambayo miguu inaacha kuwa yako. Mahali pa mwisho palikuwa papana kidogo shemeji akapata wazo, akasema begi linatuzidishia uzito, tulirushe ng'ambo kwanza. Alirusha. Shemeji yangu ni mtu mzuri sana, ana moyo, ila hajawahi kufikisha kitu kwa kurusha maishani mwake. Begi likapiga jiwe likarudi majini likaondoka na sisi tunaliangalia. Ndani yake chai, koti la akiba, tochi, simu ya mke wangu, na ufunguo wa gari la kukodi ambao nilikuwa nimeuweka humo mimi mwenyewe, kwa usalama.

Saa kumi jioni mwezi wa 11 jua linazama jamani. Tuliokolewa na mama mmoja mzee na mbwa wake waliokuwa wanashuka nyuma yetu, akatuangalia bila kutusema, akatupandisha juu kufuata kijito mpaka kilipokuwa chembamba, tukavuka huko halafu tukakaa ubavuni mwa kilima juu ya maji mpaka chini. Yaani jibu lilikuwa nyuma yetu muda wote, kupanda juu ambako maji bado ni machache, siyo kupambana nayo huko chini yaliposhakutana.

Kampuni ya gari sitaitaja maana sitaki kesi. Bima niliyonunua, ile "kamili", ikawa inahusu kila kitu isipokuwa ufunguo. Ufunguo mpya, bredauni la kuja kulibeba gari Hayfield, siku za ziada gari likiwa limekaa tu, na teksi usiku watatu tumelowa dereva akatutandikia nailoni kwenye viti. Nikajumlisha nikaona ningeweza kwenda Zanzibar na kurudi. Jamaa wa grupu nilipomwambia akajibu na kikaragosi cha kucheka na kusema "si mngeruka tu". Mngeruka tu!

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sibishani na mtu: pasipo daraja usivuke ukienda, maana hujui kama utavuka ukirudi. Usiniambie kijito ni kidogo. Usiniambie wengine wamevuka. Ukiwa na watoto geuza, poromoko halihami. Na kukitokea la kutokea ni 999, unaomba polisi halafu uokoaji wa milimani, ni watu wa kujitolea na hawatakudai hela, lakini humo korongoni mtandao wa simu hauaminiki na ukumbuke simu yenyewe inaweza kuwa iko njiani kwenda bwawani.

Viatu, ndiyo, vyenye meno chini, jinzi usiwavalishe watoto. Lakini viatu si tatizo lako, tatizo ni njia.

Kama ni lazima iwe Jumamosi hii nenda Malham huko Yorkshire, utembee msituni mpaka Janet's Foss, ni kadogo lakini kazuri na watoto wanafika bila kulia. Au Aira Force kule kwenye ziwa Ullswater, mita 20, madaraja ya mawe juu na chini unaangalia ukiwa umesimama pakavu. Unataka refu? Hardraw Force karibu na Hawes ni mita 30 hivi, sawa na hilo la Kinder, liko nyuma ya baa, unalipa kiingilio unatembea kidogo tu. Na mvua ya wiki hii itayajaza yote hayo vile vile.

Kinder subiri mwezi wa tano siku ndefu. Na huyo mshauri wako akikuambia tena huu ndio wakati wake, mwambie Jumamosi aje yeye avuke kwanza, mimi nitamshikia begi.