Fedha za mazingira shuleni zinaombwa wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wilayani Kondoa. Tunahitaji tangi la kuvuna maji ya mvua, miti na jiko banifu, lakini tunaambiwa kwamba ruzuku ya Serikali haina fungu la mazingira. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, twende wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, uliloambiwa ni kweli kwa upande mmoja. Ruzuku ya uendeshaji, inayotolewa chini ya utaratibu wa elimumsingi bila malipo, haina kasma yenye jina la mazingira. Hata hivyo inaruhusu ukarabati, na mifereji ya bati inayozuia maji yasile msingi wa darasa ni ukarabati halali. Tatizo ni kiasi. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi hutengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambazo kati yake 6,000 ndizo hupelekwa shuleni na 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 600 hupata basi shilingi 300,000 kwa mwezi, na humo humo mna chaki, mitihani, michezo na vitasa vilivyovunjika. Kiwango hicho chimbuko lake ni dola 10 kwa mwanafunzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ilhali leo shilingi 10,000 hazifiki hata dola 5. Kuitaka shule inunue tangi la lita 5,000 kwa fedha hizo ni kuwaonea watoto, na wabunge wetu wanapaswa kulisema hilo wazi.

Kwa hiyo tangi liombeni halmashauri. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na mipango huandaliwa miezi mingi kabla, ombi liingizwe mapema katika mpango wa shule, lipite serikali ya kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha lifike kwa mkurugenzi. Ombi lisiwe la maneno matupu. Pimeni paa: mita za mraba 150 zikinyeshewa milimita 10 hutoa takriban lita 1,500, ukiacha kiasi kinachopotea, na hesabu hiyo, ikiambatanishwa na muhtasari wa kikao, humwezesha ofisa mipango kutetea ombi lenu. Mlango mwingine ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao husaidia miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe.

Miti ni rahisi zaidi. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, hivyo mwombeni ofisa misitu miche mkiwa mmekwisha kuchimba mashimo na kupanga zamu za kumwagilia wakati wa kiangazi. Kondoa, iliyoshuhudia fedha za umma zikitumika kutibu makorongo tangu mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulipoanza mwaka 1973, haihitaji kufundishwa thamani ya mti.

Kuhusu jiko, Serikali imekwisha kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa hiyo mwandikieni mkurugenzi kuomba jiko la nishati safi, mkitaja idadi ya watoto wanaokula shuleni na mizigo ya kuni inayoteketea kwa wiki, na nakala mpelekeeni diwani, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa ndani ya kikao bajeti itakapopitishwa.