Alijifunza siasa akiwa hana kazi

Salaam mhariri na wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii mmeuliza hivi: mwanajeshi akivua gwanda anafaa kuwa kiongozi wa kisiasa, au abaki tu na mambo yake ya ulinzi? Mimi najibu anafaa, ila sio kwa ile sababu ambayo wengi wanaitoa kwamba eti jeshi linafundisha nidhamu na maamuzi ya haraka. Mfano wangu ni Mwingereza mmoja, Paddy Ashdown, nimefuatilia habari zake miaka mingi na kadri ninavyosoma ndio nazidi kuamini kwamba kilichomtengeneza ni ile miaka aliyokaa hana cheo, mwishoni hata mshahara hana.

Kwa asiyemjua niseme kwa kifupi. Alizaliwa New Delhi mwaka 1941, baba yake akiwa afisa kwenye jeshi la Waingereza huko India, akakulia Ireland Kaskazini, na hilo jina Paddy walimbandika shuleni Uingereza kwa sababu ya lafudhi yake, jina lake hasa ni Jeremy. Mwaka 1959 akaingia Royal Marines, akapigana kwenye misitu ya Borneo, akawa komandoo wa wale wa majini wa Special Boat Section, akapelekwa Hong Kong kusoma Kichina, na mwaka 1970 akajikuta yuko Belfast anaongoza askari wenye bunduki mitaani, nchi ileile aliyokulia, wakati Wakatoliki na Waprotestanti wa huko wako kwenye mapigano. Na yeye mama Mprotestanti, baba Mkatoliki. Hebu fikiria mtu unarudi nyumbani kwa staili hiyo.

Alivyotoka jeshini 1972 akaingia Wizara ya Mambo ya Nje, wakampeleka Geneva kwenye ubalozi wao wa Umoja wa Mataifa, na huku nyuma alikuwa anafanya kazi ya ujasusi. Maisha mazuri jamani, Geneva ile, ziwa, milima, mshahara wa uhakika. Mwaka 1976 akaacha vyote akahamia Somerset na mke na watoto wawili ili akagombee ubunge jimbo la Yeovil kwa chama cha Liberal, chama ambacho kwenye jimbo hilo kilikuwa kinashika namba tatu, na Conservative walikuwa wamelikalia tangu kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Na huo uliberali wenyewe ulianza kwa mpiga kampeni mmoja aliyekuja kubisha hodi mlangoni kwake, wakakaa wakaongea.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wanaoandika habari zake huwa wanapita haraka ili wafike kwenye uongozi. Miaka saba huyu mtu alikuwa anagonga milango jioni na wikiendi. 1979 akagombea akashindwa, ila akapanda hadi namba ya pili. Viwandani alikopata vibarua vya kuendeshea maisha kazi zikaisha, 1981 akawa hana ajira kabisa, komandoo mzima aliyekula meza moja na mabalozi anaandika barua za maombi na majibu ni yaleyale, samahani nafasi hakuna. Baadaye akapata kazi ya kuhudumia vijana kwenye halmashauri ya Dorset, vijana ambao wengi wao nao walikuwa hawana kazi kama yeye tu. Halafu 1983 akashinda ubunge kwa kura 3,406 zaidi ya mpinzani wake. Mimi naona ile ndio ilikuwa shule yake, maana jeshini ukisema twende watu wanaenda, lakini mlangoni kwa mama mwenye watoto watatu na bili ya umeme hakuna anayekupigia saluti, lazima usikilize.

Uongozi wa chama alichukua Julai 1988, miezi michache baada ya Liberal na chama kingine kinaitwa SDP kuungana, muungano ambao leo ndio Liberal Democrats, na chama kilikuwa taabani, hakina hela, na kwenye uchaguzi wa Ulaya wa 1989 walikuwa wa nne nyuma ya chama cha Kijani. Mwanzoni mwa 1992 magazeti yakaanika kwamba alishawahi kutoka na aliyekuwa sekretari wake, akasimama mbele ya waandishi akakiri. Alimkosea mkewe na sitamtetea kwa hilo. Ila chama alikijenga, 1992 wakapata viti 20, na 1997 viti 46 wakati asilimia ya kura zao kitaifa ilikuwa imeshuka kidogo, maana walilenga majimbo waliyojua wanaweza kushinda na kule wakafanya kazi ya mlango kwa mlango, ileile ya Yeovil.

Sasa Bosnia, iliyokuwa vitani. Agosti 1992 alienda mwenyewe akaingia kwenye kambi za Manjača na Trnopolje, ambamo Waserbia wa Bosnia walikuwa wamewafungia watu, akaona wanaume wamebaki mifupa, akarudi bungeni London akaanza kupiga kelele kwamba Ulaya inaangalia watu wanauawa. Hakikuwa kitu cha kumpatia kura hata moja Somerset. Aliendelea hivyo miaka yote ya vita, na 1998 akiwa ametoka kuona vijiji vya Kosovo, jimbo la Serbia, vinavyochomwa alikutana na Milošević, rais wa Yugoslavia, uso kwa uso Belgrade, akamuonya kwamba akiendelea atafikishwa mahakamani. Machi 2002 akakaa kiti cha shahidi The Hague, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia, Milošević mwenyewe ndio anamhoji, akamkumbusha, nilikuambia utaishia kwenye mahakama hii na leo uko hapa. Sisi wa Arusha tuliokuwa tunapita pale AICC, lile jengo la mikutano, enzi za mahakama ya Rwanda tunaelewa uzito wake, mahakama zile mbili zilikuwa mapacha, hadi 2003 mwendesha mashtaka mkuu alikuwa mmoja.

Mei mwaka huohuo akaanza kazi ya Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa Bosnia, akakaa hadi Januari 2006. Na hapa ndio naachana na wanaomsifia moja kwa moja. Cheo kile kilikuwa na mamlaka ya kufuta sheria, kutunga sheria na kumfukuza kiongozi aliyechaguliwa na wananchi, na hapakuwa na mahakama ya kukatia rufaa. Siku moja tu, tarehe 30 Juni 2004, aliwatimua karibu watu 60 wa upande wa Waserbia, akiwemo spika wa bunge lao, kwa sababu Karadžić, kiongozi wao wa wakati wa vita aliyekuwa anatafutwa na ile mahakama ya The Hague, alikuwa bado hajakamatwa. Karadžić alikuja kukamatwa 2008, yeye ameshaondoka. Najua kazi kubwa ilifanyika, majeshi yaliyokuwa yanachinjana yakawekwa chini ya wizara moja ya ulinzi, kodi ya VAT ya nchi nzima ikaanza 2006, na 2004 serikali ya Waserbia wa Bosnia ikakubali hadharani mauaji ya maelfu ya Waislamu yaliyotokea Srebrenica 1995, na hilo la mwisho lina thamani ambayo siwezi kuipima. Lakini babu zetu walitawaliwa na magavana wa Kiingereza waliokuwa wanawapandisha na kuwashusha machifu kwa barua moja, kwa hiyo nikisoma habari ya ile siku ya Juni moyo wangu unakataa, hata kama waliofukuzwa walistahili. Yule mtu wa Yeovil aliyekuwa anasikiliza watu milangoni, pale Sarajevo alipewa cheo ambacho hakikumlazimisha kumsikiliza yeyote, na mwanajeshi ndani yake akarudi.

Mwaka 2008 ilipendekezwa aende Afghanistan kwa Umoja wa Mataifa, Rais Karzai wa huko akamkataa. Uchaguzi wa 2015 aliendesha kampeni ya chama chake, wakaanguka kutoka viti 57 hadi 8, na Yeovil yenyewe ikaenda, jimbo alilolitoa namba tatu kwa miguu yake. Alifariki Desemba 2018. Mwaka 2024 Liberal Democrats walilichukua tena jimbo hilo la Yeovil.