Kulungu wa Uingereza wamezidi, sheria ibadilishwe?

SWALI: Mambo mhariri, niko huku Uingereza, kulungu wananimalizia mboga bustanini usiku, na nasikia kuwapiga risasi kuna masharti kibao. Hiyo sheria si imeshazeeka?

JIBU: Pole sana ndugu. Mi naona imezeeka kiasi. Ya England na Wales ni ya 1991, inakataza kuwapiga usiku bila kibali, na aina nyingi zina miezi yake ya kupumzishwa, yaani haziruhusiwi kupigwa, ila muntjac, yule mfupi aliyeletwa kutoka Asia, huyo anapigwa mwaka mzima tu. Mbwa mwitu walishaisha zamani sasa nani awapunguze, magari? Scotland 2023 walifuta msimu wa kupumzisha madume, safi, lakini wanaozaa si majike jamani! Ingawa jike akipigwa mapema mtoto anayenyonya anakufa njaa, so hapo pagumu. We jenga fensi ya karibu mita 2.