Mfukoni mwa nani?

SWALI: Mwalimu, katika makala ya kutafsiriwa kuhusu wanyama wa Australia nimekuta "panya wa mfukoni wala nyama", yaani antekino. Je, ni sahihi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Nilipofika "wala nyama" nilidhani mwandishi anakana: si panya, wala nyama! Angeandika "walao" tungeelewana. Na nyama yenyewe, mara nyingi ni buibui na mende.

Hilo nimelimeza. Lililonikaa kooni ni "wa mfukoni". Hiyo "-ni" hutaja mahali. Kamusi ya mfukoni huingia mfukoni; pesa ya mfukoni imo mfukoni. Basi panya wa mfukoni ni yule anayekutafunia noti ndani ya suruali. Kama kuwa na kitu ndiko kuwa wa humo, tembo naye ni mnyama wa mkongani, na mimi ni mzee wa kitambini. Akaaye mfukoni ni mtoto. Mama ndiye mwenye mfuko. Tena mfuko wa mama antekino ni mikunjo tu ya ngozi, watoto wananing'inia kwenye chuchu. Baba ndiyo hana kabisa. Maskini huyo hata mwaka hatimizi: msimu wa kupandana ukiisha, homoni za msongo huwa zimeshaangusha kinga ya mwili wake, anakufa. Nasi tunamzika kwa jina la mfuko asio nao!

"Panya" nalo ni uvivu. Panya ana meno ya patasi mawili juu na mawili chini. Antekino ana safu ya vijino vyenye ncha. Wazee wetu walimwona kirukanjia, mdogo vilevile, pua ndefu vilevile, wakampa jina lake.

Mbona "kangaruu" tulilipokea bila manung'uniko? Asili yake ni Kiguugu Yimithirr, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland huko Australia, wageni wa meli ya nahodha Mwingereza James Cook wakaliandika mwaka 1770. Safari hiyohiyo walichukua na jina la kwoli, mla nyama mwenye madoa meupe, ambaye walowezi walikuja kumwita paka. Kumbe ugonjwa si wetu peke yetu.

Andika "antekino". Pakihitaji ufafanuzi, ongeza "mnyama mdogo wa jamii ya wenye mfuko, mla nyama". Mhariri akikaza shingo, mwachie panya wake, nimeshachoka naye. Ila "wa mfukoni" usimwachie. Mwambie kwanza atie mkono mfukoni ahakikishe.