Kamera ya Akiba: Anza na Lenzi Ulizonazo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ana kamera moja ya filamu na lenzi mbili za Canon EF, kazi za kulipwa zimeanza kuja, na anatafuta bodi ya pili, yaani kamera bila lenzi, ya bei nafuu. Ameshaambiwa kwamba kamera za fokasi otomatiki za miaka ya 1980 na 1990 ni plastiki tupu. Mimi nami niliambiwa hivyo hivyo, tena mbele za watu, na mpiga picha niliyekuwa namheshimu sana. Mpaka leo yananiuma.

Plastiki hiyo ndiyo iliyoniokoa. Bwana harusi ameshika pete, kamera yangu kuu ikagoma: kioo cha ndani kimepanda, hakishuki. Nikachomoa lenzi, nikaifunga kwenye bodi ya akiba niliyokuwa nimeitia filamu tangu asubuhi. Mota ikanguruma, fokasi ikashika, nikapiga pete inapoingia kidoleni. Maharusi hawakujua kama kuna lililoharibika. Picha ile najivunia kuliko nyingi nilizopiga kwa vifaa vya gharama.

Iliwezekana kwa sababu lenzi ziliingiliana, basi. Ndiyo maana nasema anza na lenzi, jina la kamera lije baadaye. Mwenye lenzi za EF atafute EOS yoyote ya filamu, yaani kamera za Canon zinazopokea lenzi hizo, kuanzia EOS 650 ya 1987. Lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa kamera za dijitali, hazifai humo. Mwenye Nikon awe makini zaidi. F-801 ya 1988 inazungusha fokasi kwa mota iliyo ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi ya AF-S, yenye mota yake yenyewe, itakaa vizuri lakini fokasi utavuta kwa mkono. F100 inazikubali zote mbili, ila bei yake iko juu. Wa Minolta wana bahati: kamera zao zimesahaulika, ingawa Minolta 7000 ya 1985 ndiyo iliyowafanya wengine wakimbilie fokasi otomatiki.

Ukiishika mkononi, fungua mgongo kabla ya kusifia chochote. Tazama mapazia ya shata, yale yanayofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu, kwa mwanga wa pembeni. Kwenye EOS 650 na ndugu zake, sponji ndogo ya kuzuia mshtuko huyeyuka na kuacha doa jeusi linalonata kama lami. Ukiliona, rudisha. Fundi anaweza kulisafisha, lakini sponji ikibaki ile ile doa litarudi. Mgongo wa Nikon F90X ukinata usiogope, hiyo ni mpira wa nje tu na spiriti inautoa.

Halafu betri. EOS 650 inataka 2CR5, betri maalumu ya lithiamu ambayo hupati kila duka. F-801 inakula AA nne. Kwa kamera ya akiba mimi nachagua AA bila kufikiri mara mbili.

Ndugu zangu, acheni kununua kamera ili mtu aisifie shingoni mwenu! Mteja analipia picha. Sakiti ikifa, mara nyingi haitengenezeki, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei kuwa chini, utanunua nyingine.

Kwa msomaji wangu: chukua EOS yenye shata safi, tia filamu moja, piga kwa lenzi zako zote mbili, isafishwe uione kabla hujaibeba kazini.